Paratext 9 kwa mwalimu wa chuo anayetafsiri Biblia: inachobeba na inachokuachia mwenyewe

Walimu wengi wa vyuo vya Biblia hapa Dar es Salaam wana kazi tatu kwa mpigo. Katikati ya wiki wako darasani na Waraka kwa Warumi, Jumapili wako madhabahuni, na juu ya hayo kanisa limewakabidhi uhakiki wa tafsiri ya Biblia kwa lugha ya jamii iliyo mbali na jiji: Wasandawe wa Chemba, Wadatoga wa Hanang, au Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Timu nyingi za tafsiri hufanyia kazi kwenye programu ya Paratext. Tathmini hii inaipima Paratext 9 kwa mahitaji ya mwalimu huyo. Mtafsiri anayeshinda kijijini ana mahitaji mengine. Huyu wetu anaingia na kutoka, na kila akirudi anakuta kazi imesogea bila yeye.

Tutoe hukumu mapema. Kwa timu inayoandika, hatujaona chombo kinachomfaa zaidi mhakiki aliye mbali. Kwa jamii ambayo wengi wake hawasomi, Paratext ni chombo cha ofisini, na mwalimu akiitegemea peke yake atahakiki Biblia ambayo wenyewe hawajaisikia.

Paratext imetengenezwa kwa pamoja na Muungano wa Vyama vya Biblia, UBS, na shirika la lugha la SIL. Hailipiwi, lakini si ya kupakua na kuanza siku hiyohiyo. Unajisajili mtandaoni, unataja shirika unalofanya nalo kazi, kisha unasubiri kuidhinishwa. Mradi nao unasajiliwa peke yake. Mchungaji aliyeanza kutafsiri kwa hiari yake, bila dayosisi wala shirika nyuma yake, hukwama hapo. Ushauri wetu ni kuanza usajili mapema kabla muhula haujafunguliwa, kwa sababu mradi usiosajiliwa hauwezi kupeleka kazi kwa wenzako kupitia intaneti, na huo ndio uhondo wenyewe wa programu hii.

Kuhusu kompyuta hatutarefusha. Inataka Windows, au Linux ya Ubuntu kwa waliozoea. Mwenye Mac itabidi aweke Windows ndani yake. Kompyuta mpakato ya mtumba kutoka Kariakoo inatosha mradi iwe na RAM ya GB 8. Yenye GB 4 itaifungua, ila ukipanga madirisha matano, yaani rasimu, Biblia mbili za Kiswahili, Kigiriki na maelezo, itaanza kukohoa. Ipo pia Paratext Lite kwa simu na tableti za Android. Inafaa kusoma rasimu na kuandika maoni ukiwa kwenye foleni ya Ubungo; ukaguzi wa kina usitegemee kuufanyia huko.

Kubadilishana kazi ukiwa mbali

Kitufe cha Send/Receive ndicho roho ya mambo. Kila mwanatimu ana nakala kamili ya mradi kwenye mashine yake. Anafanya kazi bila intaneti, kisha akipata mtandao anabonyeza, na programu inapeleka mabadiliko yake na kuleta ya wenzake. Kinachosafiri ni maandishi matupu, kwa hiyo bando dogo linatosha: Agano Jipya zima likiwa maandishi ni kama MB 1 tu, chini ya picha moja ya simu. Kinachokula bando ni kamusi, picha na ramani zinazopakuliwa mara ya kwanza. Zipakue ukiwa Dar kwenye mtandao wa chuo, usingoje ufike Kwa Mtoro, huko Chemba. Windows nayo iambie kwamba muunganisho wako unapimwa (metered connection), la sivyo itajisasisha kwa bando ulilobeba kwa ajili ya kazi.

Pasipo mtandao, kazi hiyohiyo hufanyika kwa flashi. Mmoja anapeleka kwenye flashi, mwingine anachomeka na kupokea, na historia ya mradi inabaki salama. Kosa linaloharibu miradi ni kunakili kwa mkono folda ya mradi kutoka mashine moja hadi nyingine kwa kudhani ni njia ya mkato. Ukifanya hivyo umepindua historia, na siku ya kuunganisha ndipo mistari iliyokwisha kusahihishwa inaporudi na makosa yake ya zamani. Flashi itumike kupitia kitufe hicho tu.

Watu wawili wakigusa mstari mmoja kabla ya kubadilishana, programu inachukua toleo moja na kuweka alama ya mgongano kwenye mstari huo, yenye matoleo yote mawili ndani. Hakuna kinachopotea, ila alama hizo zinahitaji mtu wa kuziamua. Timu zisizo na utaratibu hukuta mamia yamerundikana mwisho wa mwaka. Dawa yake ni ya kiutawala: mwalimu aliye Dar asiguse maandishi ya rasimu kabisa. Apewe jukumu linalomruhusu kuandika maoni, na watafsiri ndio wabadilishe maandishi. Hii inalinda jambo zito zaidi ya usafi wa faili. Mwenye shahada ya theolojia akiruhusiwa kurekebisha sentensi ya lugha asiyoizungumza kila siku, baada ya miezi sita sentensi zitaanza kunuka chuo.

Kwenye majukumu kuna kosa lingine linalojirudia. Mradi unakuwa na msimamizi mmoja, naye ndiye mwalimu, kwa kuwa ndiye mwenye kompyuta nzuri na elimu. Anapoingia kwenye mitihani, timu haiwezi kuongeza mtu, kubadili orodha ya herufi wala kurekebisha kanuni za nukuu. Wawekwe wasimamizi wawili tangu siku ya kwanza, na mmoja wao awe mtu wa jamii yenyewe. Wakati mwingine hili huzua maneno kuhusu nani mwenye mradi. Yazungumzwe mapema; programu haiwezi kuwaamulia.

Maoni yanayofanya kazi na yasiyofanya

Kila mstari unaweza kubeba maoni yaliyofungwa kwenye neno maalumu na kuelekezwa kwa mtu maalumu. Maoni hubaki wazi hadi mtu ayafunge, na mjadala wote unahifadhiwa. Kwa mwalimu, hapa ndipo darasa na tafsiri vinapokutana. Kile anachokifundisha Jumanne kuhusu hoja ya Paulo kinaweza kuwa maoni ya Jumatano kwenye Warumi 3, na mtafsiri akakijibu wiki ijayo.

Maoni ya walimu yana ugonjwa wake: marefu, ya Kigiriki, na yanayouliza mambo manne kwa pamoja. Mtafsiri akisoma nusu ukurasa kuhusu kihusishi kimoja hajui afanye nini, kwa hiyo anaacha wazi. Maoni yanayofungwa haraka yana hoja moja, kwa Kiswahili cha kawaida, na yanaishia kwenye swali ambalo mtafsiri anaweza kulijibu kwa lugha yake: msomaji akifika hapa, anadhani anayesamehe ni nani? Ukitaka kutoa somo, litoe mkiwa mmekaa pamoja.

Upande wa marejeo tunausifu bila kusita. Dirisha la rasilimali zilizoboreshwa linakuonyesha Kiebrania na Kigiriki neno kwa neno, na kamusi zilizopangwa kwa maana, si kwa alfabeti pekee. Ukibonyeza jina la mnyama, mmea au chombo unapata maelezo, mara nyingi na picha. Viko pia vitabu vya miongozo ya watafsiri vya UBS na maelezo ya SIL, vinavyosogea mstari kwa mstari pamoja na rasimu yako. Mwalimu anayeandaa kipindi kuhusu Marko 4 atajikuta ameandaa uhakiki wake humohumo. Tahadhari ni moja: rasilimali hizo zimetolewa kwa kazi ya tafsiri. Kuzinakili na kuwagawia wanafunzi sitini kama kijitabu cha kozi si matumizi yaliyoruhusiwa, hata kama hakuna anayekuona. Biblia za Kiswahili nazo hupatikana ndani ya programu kwa kadiri ya ruhusa ya wenye hakimiliki.

Istilahi: chombo bora, mkononi mwa mtu mmoja ni hatari

Chombo cha istilahi za Biblia kinaorodhesha maneno makuu ya Kiebrania na Kigiriki pamoja na kila mstari yanapotokea. Unaandika tafsiri mliyokubaliana, na programu inakuonyesha wapi imetumika na wapi haipo. Kwa lugha za Kibantu kuna ufundi wa lazima. Maneno yetu hubadilika mwanzoni, kwa hiyo ukiandika neno moja tu programu itakulaumu kila mahali. Weka nyota: *takatifu itanasa mtakatifu, watakatifu na kitakatifu. Nyota ikizidi, mtego nao unanasa usivyovikusudia. Ukiandika *pend* kwa ajili ya upendo, na mapendekezo yatahesabiwa humo, na mstari usio na upendo wowote utaonekana umekamilika. Anza na nyota ya mbele peke yake, pitia mistari kumi au kumi na tano kwa macho, ndipo uamue kuhusu ya nyuma.

Pale ambapo istilahi imeachwa kwa makusudi, kwa sababu sentensi ya lugha hiyo inabeba maana kwa njia nyingine, unaweza kuweka alama kwamba kukosekana kwake ni sawa. Walimu wengi hawaitumii alama hii. Wanaona mstari mwekundu na kumlazimisha mtafsiri aweke neno lilelile kila mahali, kana kwamba kijani kikitimia ndiyo tafsiri imetimia. Chombo kinahesabu ulinganifu tu. Kama watu wanaelewa, hilo hakilijui.

Istilahi ndizo zinazobeba mafundisho ya madhehebu, na jamii moja inaweza kuwa na Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste katika vijiji vinavyopakana. Maneno ya ubatizo, toba, ukuhani na meza ya Bwana yakiamuliwa na mwalimu wa dhehebu moja akiwa Dar, kitabu kitakuja kukataliwa na nusu ya walengwa kikiwa kimekwisha kuchapwa. Kila istilahi ina sehemu ya mjadala ndani ya programu: andikeni humo nani walikaa, chaguzi zilikuwa zipi, na kwa nini moja iliachwa. Miaka minne baadaye, mjumbe mpya wa kamati akiuliza, jibu linapatikana kwa kubonyeza mara mbili badala ya kuanzisha ugomvi upya.

Jambo la karibu na hilo ni tanbihi. Alama ya tanbihi ni rahisi mno kuweka, na mwalimu mwenye somo moyoni atazijaza. Tanbihi halali ni kama ile inayosema kwamba baadhi ya nakala za kale hazina Marko 16:9–20, au Yohana 7:53 hadi 8:11, ile inayoeleza kipimo, au inayotoa maana ya jina la mtu. Inayofundisha kwamba ubatizo ni wa namna fulani iondolewe, iwekwe kwenye mahubiri.

Herufi, na kinachovunjika kimyakimya

Hili halizungumzwi vya kutosha, na ndilo linaloharibu kazi ya miaka. Kisandawe na Kihadza vina sauti za kudoa, yaani za kugonga ulimi, ambazo huandikwa kwa c, q na x. Kisandawe kinatumia pia alama ya kibainishi kama ile ya ng'ombe, baada ya herufi kama k na ts. Kwenye kompyuta alama hiyo ina sura karibu sawa na alama ya kufunga nukuu, lakini ni vitu viwili tofauti. Mtafsiri akitumia alama ya nukuu mahali pa herufi, programu inalikata neno vipande viwili: orodha ya maneno inajaa vipande visivyo na maana, ukaguzi wa tahajia unapotea, na ukaguzi wa nukuu unalalamika kila mstari. Timu inachoka na kuzima ukaguzi wote. Mshauri wa tafsiri, yaani mtaalamu anayekagua kazi ya timu, akifika anakuta sura kumi na sita za Marko hazijawahi kukaguliwa.

Suluhisho liko kwenye siku ya kwanza. Chagueni herufi ya kibainishi yenye namba U+02BC katika Unicode, orodha ya herufi za kompyuta, iwekeni kwenye mipangilio ya lugha kama herufi ya neno, tengenezeni kibodi kwa programu ya Keyman ili kitufe kilekile kiitoe, na sakinisheni kibodi hiyo kwenye mashine zote za timu, ikiwemo ya mwalimu wa Dar. Mashine moja ikibaki na kibodi ya kawaida, itachanganya alama mbili kwenye maandishi na macho hayataona tofauti. Fonti za Andika na Charis SIL zinaonyesha herufi zote vizuri. Orodha ya herufi ndani ya programu ndiyo kipimo: ifungue kila mwezi, na ukikuta vibainishi vya namna mbili, sahihisha hapohapo.

Mpangilio mwingine wa siku ya kwanza ni mgawanyo wa sura na mistari. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya 1952 ina Malaki yenye sura 4 na Yoeli yenye sura 3. Kiebrania kina Malaki yenye 3 na Yoeli yenye 4. Jamii ambayo imezoea Biblia ya Kiswahili kanisani itataka mgawanyo huohuo, wahubiri wasije wakapotezana mimbarini. Ukiubadili baada ya kuanza, marejeo ya pembeni na maoni vitahitaji kupitiwa upya.

Ukaguzi wa msingi unaobaki, yaani alama, namba za mistari, herufi kubwa, maneno yaliyorudiwa na mabano yasiyofungwa, unafanya kazi vizuri. Ongezea kutafuta maneno yaliyounganishwa au kutenganishwa vibaya, chombo ambacho kwa lugha za Kibantu kina thamani kubwa, kwa sababu watafsiri wawili mara nyingi huandika kiunganishi na neno linalofuata kwa njia mbili.

Tafsiri ya kurudisha na Biblia iliyo kichwani

Mshauri asiyejua lugha ya jamii husoma tafsiri ya kurudisha: maandishi ya jamii yaliyorudishwa kwa Kiswahili jinsi yalivyo. Paratext inaiweka kama mradi wa pembeni ulioshikamana na rasimu. Kila mstari una alama ya hali yake, na rasimu ikibadilishwa, alama inakuambia kwamba tafsiri ya kurudisha ya mstari huo imepitwa. Kwa mhakiki anayerudi baada ya wiki tatu za mitihani, hii peke yake inatosha kuipenda programu: anafungua mistari iliyopitwa tu.

Kuna kitu ambacho alama hizo haziwezi kukiona, na ndipo Tanzania ilipo na tatizo lake mahususi. Anayerudisha kwa Kiswahili ni Mkristo aliyekua na Biblia ya Kiswahili. Akifika Zaburi 23, Yohana 3:16 au Sala ya Bwana, mkono wake unaandika Biblia anayoijua kwa moyo kabla jicho halijamaliza kusoma lugha yake. Tafsiri ya kurudisha inatoka safi, nzuri na ya uongo. Mshauri anaisoma, anaridhika, na kosa lililo kwenye rasimu linapita. Watafsiri wengi huandaa rasimu kutoka kwenye Biblia hiyohiyo ya Kiswahili, kwa hiyo duara linafungwa: Kiswahili kinaingia, Kiswahili kinatoka, na lugha ya katikati haikuulizwa.

Njia za kulivunja duara hilo zipo, na zote zinamhusu mwalimu. Ya kwanza ni kumchagua mrudishaji ambaye hakushiriki rasimu, ikiwezekana asiye mwinjilisti. Ya pili ni chombo cha tafsiri ya neno kwa neno ndani ya Paratext: kila neno, hata kila kiambishi, kinapewa maana yake chini, na programu inajifunza kubahatisha maana za maneno yanayorudi. Inachosha mwanzoni, kwani sura ya kwanza karibu yote unaijaza kwa mkono, lakini kufikia ya tano mengi yanajijaza. Mshauri akilinganisha neno kwa neno na tafsiri ya kurudisha, mahali ambapo Biblia ya kichwani imeingia panaonekana mara moja. Ya tatu ni kuwaanzishia watu kitabu ambacho wachache wanakijua kwa moyo. Ruthu inafaa, ila jueni kwamba mstari wa ahadi yake kwa Naomi hutajwa sana harusini.

Jamii inayosikiliza

Wahadzabe wanahama kufuata maji, mizizi, asali na wanyama. Kihadza hakina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote, na wasomaji wake ni wachache. Kuanza kazi huko kwa kufungua Paratext ni kuanza na mlango ambao wenyeji hawautumii. Kuna njia za kutafsiri kwa sauti tangu mwanzo, ambapo rasimu, uhakiki na masahihisho yote ni rekodi, na kwa jamii kama hiyo tungeanza na njia hiyo. Maandishi yaje baadaye kwa mtakaowafundisha kusoma.

Kwa jamii zilizo katikati, kama Wasandawe, ambako vijana wanasoma na wazee wanasikiliza, Paratext inaungana vizuri na HearThis. Programu hiyo inachukua rasimu moja kwa moja kutoka kwenye mradi na kuigawa vipandevipande vya kurekodi. Kosa likitokea unarudia kipande hicho tu. Maikrofoni ya kichwani ya USB inatosha. Chumba chenye mazulia na mapazia kinashinda kanisa la mabati, hasa wakati wa mvua. Mstari ukibadilishwa kwenye rasimu baada ya kurekodiwa, rekodi yake nayo irudiwe, na hapa timu husahau. Mwisho wake, Scripture App Builder inatengeneza programu ya simu yenye maandishi na sauti, nayo husambazwa kwa Bluetooth au kadi ya kumbukumbu bila kumdai mtu bando.

Kuna pia kiongezo cha Transcelerator, programu ndogo inayoongezwa ndani ya Paratext, chenye maswali ya kupima uelewa kwa kila sura, ambayo mnayatafsiri na kwenda nayo kijijini. Kwa mwalimu ni zawadi, na ni kishawishi vilevile. Maswali ya kupima uelewa hayatakiwi kugeuka katekisimu. Mzee akijibu tofauti na ulivyotarajia, andika jibu lake kama lilivyo kwenye maoni ya mstari na nyamaza, usimsahihishe. Aliyeshindwa mtihani hapo ni rasimu, mzee hana kosa. Wachungaji wanaona ugumu mkubwa katika kunyamaza huku kuliko katika kujifunza programu.

Kugawa muda

Mpango wa mradi ndani ya Paratext unavunja kazi katika hatua, kuanzia rasimu, uhakiki wa timu, kupima na jamii, hadi kwa mshauri, na kila hatua ina mtu wake na sura zake. Mwalimu anaona kilichomsubiri yeye tu. Asilimia zinazoonekana ni za kazi iliyowekewa alama, si za ubora, na wafadhili wanaopenda grafu waelezwe hivyo mapema.

Mahesabu ya kawaida yanasaidia kuliko nia njema. Yona ina mistari 48, Ruthu 85, Marko 678. Mhakiki anayeweza kupitia kwa kina mistari 12 kwa wiki atamaliza Yona kwa wiki 4 na vitabu vyote viwili vifupi ndani ya muhula mmoja wa wiki 14, akibakiwa na wiki mbili za mitihani. Marko kwa mwendo huo ni zaidi ya mwaka. Mwalimu anayeahidi kuihakiki Marko kwenye likizo ya mwezi mmoja ataihakiki kwa jicho la juujuu au atalitelekeza darasa. Tangu treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, kufika Chemba au Kondoa kutoka Dar kumekuwa kwepesi, na safari ya siku chache kila muhula inawezekana. Itumike kukaa na watu. Kuandika maoni kunafanyika vizuri tu ukiwa Mbezi.

Kabla ya safari, weka alama kwenye historia ya mradi ili ujue rasimu ipi ilikwenda kijijini, kisha toa kijitabu kwa PTXprint, programu inayogeuza mradi kuwa PDF iliyopangwa. Ukubwa wa A5 unafaa. Idadi ya kurasa iwe mafungu ya nne: kurasa 12 zinatoka kwenye karatasi 3 za A4 zilizochapwa pande mbili na kukunjwa, hivyo nakala 20 za Yona ni karatasi 60, kazi ya asubuhi moja kwenye stationery yoyote ya Posta. Acha pambizo pana na nafasi kati ya mistari kwa ajili ya kalamu. Juu ya jalada andika neno Rasimu kwa herufi kubwa pamoja na tarehe, na baada ya kikao kusanya nakala zote. Ile inayobaki kijijini ndiyo itakayosomwa madhabahuni Jumapili, na makosa yake yatakaririwa muda mrefu baada ya nyinyi kuyafuta kwenye kompyuta.